Shajara ya mradi: shahada za sanaa zilizosimama njiani, Tanga

Januari

Mradi wenyewe ni huu. Watu wanne wa hapa Tanga, watatu walioanza Shahada ya Kwanza ya Sanaa na mmoja anayetaka kuianza, wanakaa nami barazani kwangu Ngamiani kila Jumamosi asubuhi, mpaka kila mmoja ajue chuo kinamdai nini na atamaliza vipi. Sifundishi kozi yoyote. Tunasoma masharti ya kuhitimu mstari kwa mstari, tunayaweka kando ya matokeo, tunaandika barua zinazopaswa kuandikwa na tunafuatilia majibu.

Nimefundisha sekondari miaka mingi. Wanafunzi wangu wa zamani hupita kunisalimu, na nikiuliza habari za chuo, wapo wanaojibu, "Nimebakiza kozi moja tu, mwalimu." Mwaka unapita, kozi ni ile ile. Hawa ni watu ambao familia zilichanga, wakapata bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, wakakesha na vitabu, wakafaulu mitihani karibu yote, na leo hawana cheti cha kuonyesha. Linaniuma sana jambo hili. Kila nilipowachunguza niliona kwamba akili haikuwapungukia. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakalisha chini mwaka wa kwanza na kuwaonyesha shahada nzima imejengwa kwa vipande gani, kipande kipi hakina mbadala, na kipi kikikosekana hata alama nzuri za kwingine hazikifidii.

Wanne wenyewe: dada mmoja jirani yangu hapa hapa Ngamiani, Kiswahili na Historia, alifika mwaka wa tatu akasimama. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Pongwe, anasoma kwa masafa huku anafundisha. Mama wa Makorora, muuza kanga na madera, aliondoka chuo mwaka wa pili. Na kijana wa Chumbageni mwenye stashahada, ambaye bado yuko mlangoni.

Kazi ya kwanza niliyowapa wale watatu ni kuleta karatasi mbili: matokeo yote tangu muhula wa kwanza, na kitabu cha mwongozo wa programu cha mwaka ule waliosajiliwa. Hicho cha pili ndicho kigumu kupatikana, na ndicho chenye uzito. Mwanafunzi hupimwa kwa mtaala aliosajiliwa nao, mpaka chuo kimhamishie mtaala mwingine kwa maandishi. Na mitaala imeguswa sana miaka hii. Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 umevifanya vyuo vya umma vipitie upya programu zao, na katika kupitia huko kozi hubadilishwa majina, namba, hata krediti. Aliyeondoka kabla ya hapo, akirudi na kitabu kipya mkononi, atajihesabia deni lisilo lake.

Februari

Mwezi wote umekwenda kwenye kadi.

Vyuo vyetu vinahesabu kwa krediti. Krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mhadhara ni sehemu tu ya saa hizo: semina zimo, kusoma peke yako kumo, kazi za kuandika zimo, mtihani umo. Kozi ya krediti 12 kwa hiyo ni saa 120 za maisha ya mtu. Mwaka wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haipungui krediti 360. Hii 360 ndiyo namba ambayo kila mwanafunzi anaijua, na ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu wanaitazama kama jumla moja wakati imegawanywa.

Tumechora kadi kwenye karatasi ya manila, moja kwa kila mtu. Mistari inakwenda kwa aina ya kozi: za lazima, za hiari, za chuo kizima (zile ambazo kila mwanafunzi anasoma hata awe wa fani gani, kama Stadi za Mawasiliano na Stadi za Maendeleo), na mafunzo kwa vitendo. Safu ziko nne: zinazotakiwa, zilizopatikana, zinazohesabika, zinazodaiwa. Safu ya tatu ndiyo roho ya kadi.

Tulianza na dada jirani. Programu yake inataka krediti 240 za lazima, 84 za hiari, 24 za chuo kizima na 12 za vitendo. Yeye amepata 216 za lazima, 108 za hiari, 16 za chuo kizima, na vitendo hajafanya. Ukijumlisha unapata 340. Kwa hiyo miaka yote hii amekuwa akisema anadaiwa 20, na alikuwa na mpango wa kwenda kuchukua kozi mbili za fasihi azipendazo amalize.

Tukajaza safu ya tatu. Hiari zinazotakiwa ni 84, hata ukiwa na 108 zinahesabika 84 tu. Zile 24 zilizozidi zinawekwa pembeni, hazilipi deni la upande mwingine. Zinazohesabika kwake zikawa 316, na anazodaiwa 44: Mbinu za Utafiti 12, tasnifu 12, vitendo 12, na sehemu ya pili ya Stadi za Maendeleo 8.

Alinyamaza, akarudia kuhesabu kwa kidole. "Mwalimu, mie nilijua ishirini. Ningekwenda kuchukua zile kozi za fasihi, na bado nisingehitimu."

"Ndiyo, mwanangu. Ungefaulu zote mbili na bado usingehitimu."

Nimeandika mazungumzo hayo hapa kwa sababu ndiyo mradi mzima. Ufaulu na kuhitimu vinakwenda pamoja mara nyingi, lakini ni hesabu mbili. Chuo kinaweza kukupa A katika kozi ambayo haisogezi shahada yako hata hatua moja.

Jumamosi iliyofuata tukaingia kwenye GPA, ule wastani wa pointi unaoamua daraja la shahada. Pointi ni hizi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Wengi huchukua wastani wa pointi wakasahau krediti. Mtu mwenye A katika kozi ya krediti 8 na C katika kozi ya krediti 12 hudhani ana 3.5, kumbe ana 40 na 24, jumla 64, ukigawa kwa 20 ni 3.2. Kozi nzito ikianguka, inavuta chini kuliko kozi nyepesi inavyoinua. Madaraja nayo: la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, pasi 2.0 hadi 2.6.

Dada ana pointi 1,084 kwenye krediti 316, yaani 3.43, na chuo chake hukata desimali ya pili bila kuikuza, kwa hiyo inasomeka 3.4. Anataka la pili la juu. Inahitajika 3.5 mara 360, yaani 1,260. Zimebaki 176 katika krediti 44, ambazo ni wastani wa pointi 4 kamili. Maana yake B+ kila kozi, au akishuka pahala apande pengine. Tumeiandika 176 kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yake.

Mama wa Makorora alikuwa akitazama tu muda wote huo. Mwisho akasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi kanga zangu naziandika zote, madeni ya watu nayaandika, lakini masomo yangu sikuwahi kuyaandika." Akaomba manila yake akajaze nyumbani.

Machi

Barua, barua, barua.

Kozi ya Mbinu za Utafiti ya mtaala wa dada haipo tena kwa jina wala namba ile. Ipo nyingine inayofanana, krediti 12 vile vile. Kuisoma tu haitoshi. Inatakiwa idara iandike kwamba hii inachukua nafasi ya ile, na nakala iingie kwenye faili lake kwa Msajili. Nimewaambia wote: jibu la mdomo la dirishani halimo kwenye faili, na siku ya kukagua wahitimu kinachosomwa ni faili.

La pili, tasnifu ina sharti la awali: huwezi kuiandikisha kabla hujapita Mbinu za Utafiti. Kwa utaratibu huo ingempasa kungoja mwaka mwingine mzima. Tukaandika kuomba azichukue zote mbili muhula mmoja, tukaeleza kwamba mengine ya lazima ameshamaliza na kwamba muda wa juu wa usajili wake unakaribia kuisha. Idara imekubali, kwa sharti kwamba pendekezo la utafiti lipitishwe kabla ya katikati ya muhula. Amehamia kwa shangazi yake Dar es Salaam, atakuwa anarudi mwisho wa wiki.

Huo muda wa juu wa usajili ni jambo la kulitazama mapema. Kila chuo kina kikomo chake, na ukikipita, hata krediti ulizo nazo zinaweza zisikusaidie. Nimeongeza mstari kwenye kila kadi, juu kabisa: mwaka wa kusajiliwa, na mwaka wa mwisho unaoruhusiwa.

Aprili

Masika imeanza, baraza inavuja upande mmoja, tumehamia sebuleni.

Mwalimu wa Pongwe kadi yake ni safi. Anafuata mpangilio, hana sapu, yaani mtihani wa kurudia, wala hajakeri, yaani kubeba kozi aliyoshindwa mpaka mwaka unaofuata. Lakini nilipomuuliza shahada hii anaitaka ya nini, akasema anataka ahamie sekondari afundishe Kiswahili na Jiografia. Nikamwomba anisomee jina kamili la programu yake. Ni Shahada ya Sanaa, basi. Haina Elimu ndani yake.

Hapa inabidi nieleze, maana wanaokwama kwenye jambo hili ni wengi na huligundua baada ya mahafali. Shahada ya Sanaa na Elimu ina masomo mawili ya kufundishia, kozi za saikolojia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundisha na upimaji, na ina mazoezi ya kufundisha shuleni yanayokaguliwa na wahadhiri. Shahada ya Sanaa ya kawaida haina hayo. Matangazo ya ajira za ualimu wa sekondari hutaka shahada yenye ualimu ndani yake, au shahada ya fani pamoja na Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amefundisha darasa la tano kwa miaka, ana cheti chake cha ualimu wa msingi, akapata shahada nzuri ya sanaa, na bado akaambiwa hajatimiza.

"Sasa mwalimu, nimepoteza?" akaniuliza.

Hakupoteza. Ana njia mbili. Aombe kuhamia programu ya Elimu sasa akiwa mwaka wa kwanza, ambapo kozi zake nyingi za fani zinaweza kutambuliwa na chuo kinachompokea, au amalize hii kisha achukue mwaka ule wa uzamili. Tumeziweka zote mbili kwenye karatasi, tukahesabu ada na muda. Kama angekuwa mwaka wa tatu ningemwambia amalize bila kufikiri mara mbili. Kwa kuwa yuko mwanzoni, ushauri wangu ni ahame, na nimemwambia hivyo waziwazi. Anakwenda kuongea na mkewe.

Mei hadi Julai

Miezi hii imeliwa na tasnifu ya dada, na naiandika kwa kirefu kwa sababu tasnifu ndiyo inayowakwamisha watu wa sanaa kuliko kitu kingine. Kozi ya kawaida ina ratiba, ina mhadhara, ina tarehe ya mtihani. Tasnifu inakuacha peke yako na kichwa chako, na miezi inateleza.

Alikuja na mada "Historia ya Mkonge Tanzania." Nikamwambia hiyo ni ya mtu mwenye maisha mawili. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ilifika hai 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka hapo mpaka mwaka 1964, ambapo nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000, mpaka mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, mpaka bei kuanguka nyuzi za plastiki zilipotawala soko: hayo yote hayaingii kwenye krediti 12. Saa 120 ndizo alizonazo. Tukazigawa: saa 6 kwa wiki, wiki 20, ndani yake kusoma, kwenda uwandani, kunukuu kaseti, kuandika sura na kusahihisha.

Akapunguza ikawa "Maisha ya Wafanyakazi wa Mkonge Mkoani Tanga." Msimamizi wake akairudisha: bado pana. Akaja akalia kidogo hapa sebuleni, tukanywa chai, tukaanza tena. Nikamuuliza, ni nani unaweza kumfikia wewe, kwa miguu yako, ambaye mtu wa Dar es Salaam hatamfikia? Akasema wazee wa Pongwe, watoto wa manamba (vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge), waliozaliwa kambini. Basi ikawa hiyo: kumbukumbu za watoto wa manamba kuhusu maisha ya kambini, katika kata moja. Ikapita, siku chache kabla ya kikomo cha idara.

Ikaja safari ya kibali. Chuo kilitoa barua ya kumtambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ofisi ya mkoa ikaandika kwenda wilayani, wilaya ikaandika kwenda Jiji, Jiji likaandika kwa mtendaji wa kata, na mtendaji akamkabidhi kwa mwenyekiti wa mtaa. Wanafunzi wengi wanaiona safari hii ni usumbufu, wanairuka, wanaingia mtaani moja kwa moja. Mimi naitetea. Mzee wa miaka themanini ana haki ya kujua kijana mwenye kinasa sauti ametumwa na nani, na mwenyekiti wa mtaa akiwa pembeni anamsalimu kwa jina, mazungumzo yanafunguka tofauti. Nimemwambia tu aanze mapema, kwa sababu kila ofisi ina foleni yake, na saa za kungoja hazimo kwenye zile 120.

Jumamosi moja nilimsindikiza. Babu mmoja alitupokea chini ya mwembe, mkeka umeshatandikwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni, kaeni."

Dada akamsomea fomu ya ridhaa, polepole, kwa Kiswahili: kwamba anaweza kukataa swali, anaweza kusimamisha, jina lake halitaandikwa. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akasema hajawahi kuombwa ruhusa ya kusema habari zake mwenyewe, na akaomba arudiwe kusomewa.

Baba yake aliletwa kutoka Kigoma na SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua iliyoundwa na wenye mashamba mwaka 1944. Alieleza kipande, ile kadi ya kazi yenye siku 30. Siku unayomaliza ngwe yako inawekwa alama, usipoimaliza haiwekwi hata kama umeshinda shambani. Mpaka 30 zitimie ndipo ulipwe. Alieleza mkono wa baba yake, jinsi kidole gumba kilivyokuwa kigumu kwa miiba. Majani yakikatwa ncha, yakifungwa thelathini thelathini, yakibebwa mpaka kwenye reli ndogo, kisha korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, na harufu ya maji ya korona ambayo hata ukioga haiondoki. Mama yake alikuwa akihesabu zile alama kwenye kipande kila jioni, kwa sababu karani akiruka siku moja, ni siku nzima ya chakula imepotea.

Dada aliacha kuandika hapo, akasikiliza tu. Njiani kurudi, ndani ya daladala, akaniambia sura yake ya nne itaanza na huyo mama anayehesabu. Nilifurahi mno. Hapo ndipo nilipoona sasa ana tasnifu. Mada ilipokuwa ya nchi nzima alikuwa ananakili vitabu. Ilipokuwa ya mwembe mmoja akaanza kufikiri.

Mambo ya ufundi, kwa atakayekuja nyuma: tasnifu ya ngazi hii mara nyingi ina sura tano, nazo ni utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo na mjadala, hitimisho. Asianze na utangulizi. Aandike sura ya mbinu kwanza, kwa sababu anajua alichofanya, kisha matokeo, utangulizi uandikwe mwisho ujue unatambulisha nini. Kila alichokisoma akiandike chanzo siku ile ile, maana chuo hupitisha kazi kwenye programu ya kugundua wizi wa maandishi kabla haijasahihishwa, na nukuu iliyosahaulika alama zake za kunukuu haina tofauti na wizi mbele ya programu hiyo. Na kila akionana na msimamizi, aandike makubaliano kwa ufupi amtumie kwa barua pepe.

Amewasilisha Julai.

Agosti

Zamu ya mama wa Makorora.

Aliondoka mwaka wa pili alipojifungua. Hakuandika barua ya kuahirisha. Aliondoka tu, akijua atarudi. Kwenye kanuni za vyuo hivi ni vitu viwili mbali kabisa. Anayeahirisha kwa barua, akapata kibali, nafasi yake inamngoja na mitihani aliyoikosa anaifanya kama mara ya kwanza, kwa alama zake kamili. Anayekosa mtihani bila ruhusa huhesabiwa ametoroka, na adhabu ya kutoroka hufika mpaka kudisko, yaani kuondolewa chuo. Yeye aliandikiwa kutoroka kozi mbili.

Ana kadi ya kliniki ya mtoto na karatasi za hospitali za wakati ule. Tumeandika ombi la kurejeshwa masomoni, tumeambatisha vyote, tukaomba mitihani ile ihesabiwe ya kuahirishwa. Tofauti yake si ndogo. Kwa vyuo vingi hapa nchini, ukifaulu sapu daraja la juu unaloweza kupewa ni C, hata ungejibu kila swali. Kozi mbili za krediti 12 zenye C ni pointi 48; zenye B+ ni 96. Nusu ya jasho inakatwa.

Tukakuta jambo jingine. Cheti chake cha kidato cha nne kina jina la baba yake, na chuoni alijaza jina la mumewe. Cheti cha shahada hutolewa kwa jina lililosajiliwa, na lisipofanana na la cheti cha NECTA, kila mwajiri na kila chuo cha juu kitamhoji. Nimemwambia arudishe jina la vyetini sasa, kabla hajaingia mwaka wa tatu. Akacheka, "Mume wangu atasema nimemkana." Kisha akaenda kumweleza, na mume mwenyewe ndiye aliyeandika barua.

Septemba

Kijana wa Chumbageni alishika GPA 2.9 ya stashahada. Sharti la kuingia shahada kwa stashahada ni 3.0. Amelia na hiyo 0.1 mwaka mzima, na namwelewa. Tumemwonyesha mlango mwingine: programu ya faundesheni ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo akiimaliza kwa GPA 3.0 anakubalika kuomba shahada. Njia ya kidato cha sita, ya principal pasi (ufaulu kamili wa somo) mbili zenye jumla ya pointi 4, ipo pia, lakini kwake ni ndefu zaidi.

Dada amemaliza mafunzo kwa vitendo katika Boma la zamani la Wajerumani, yalipo makumbusho ya Urithi, akiwapanga wageni na kuandika maelezo ya picha. Ripoti ameshaipeleka.

Oktoba

Matokeo ya muda ya dada yametoka, yanangoja Seneti. Stadi za Maendeleo B, pointi 24. Mbinu za Utafiti B+, 48. Tasnifu B+, 48. Jumla 120. Ile 176 nyekundu sasa imebaki 56, na zote ziko kwenye ripoti ya vitendo ambayo haijasahihishwa. B+ ya krediti 12 ni 48, atabaki 3.4. A ni 60, atapanda 3.5. Kwa vyovyote krediti 360 zitatimia, na mwaka huu atahitimu. Ameniambia daraja lolote atalipokea. Mimi naiombea A.

Mwalimu wa Pongwe amehama, anaanza programu ya Elimu muhula huu, na chuo kimemtambulia kozi zake zote za fani isipokuwa mbili. Mama wa Makorora amerejeshwa mwaka wa pili, mitihani ile miwili imehesabiwa ya kuahirishwa. Kijana amejisajili faundesheni.

Kinachofuata ni fomu ya klirensi ya dada: maktaba, ofisi ya fedha, hosteli na idara, kila moja isaini kwamba hadaiwi, maana transkripti haitoki bila hiyo. Kuna kitabu kimoja cha maktaba aliazima mwaka wake wa pili, kipo kwa mdogo wake Korogwe. Anakifuata Jumatatu. Na Jumamosi wanakuja watu wawili wapya, wote "wamebakiza kozi moja". Nimenunua manila.